Moshi

Baba hakuonyesha watu mizinga yake.
Kule Sikonge, ndani ya myombo, alitembea kwa mzunguko,
akirudi nyuma, akisimama, akijifanya anakojoa,
ili anayemfuata achoke kwanza.
Alama yake ya shoka kwenye gome la mti
nilionyeshwa nikiwa na miaka kumi na minne,
nikaambiwa: usiiseme hata usingizini.

Mimi ndiye niliyeisema.
Si ile ya mti. Ile ya tarakimu sita.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Isevya,
ofisi yetu ya chumba kimoja, ndoo za asali mpaka mlangoni,
kompyuta ya kikundi imefunikwa kitambaa cha kufuma
kama redio ya mwaka sabini na tano.
Simu ikaita.
"Shikamoo, Mama Kalunde."
Marahaba. Nani asingeitikia?
Akauliza habari za mvua. Akauliza mguu wangu.
Mguu! Nilioutangaza mwenyewe mtandaoni,
na picha ya bandeji, watu wakaniombea.
Kisha akasema yupo mtu anataka kuiba akaunti ya kikundi,
yeye yuko benki, makao makuu, anapambana naye sasa hivi,
"nitajie tu hiyo namba iliyoingia kwenye simu yako, mama,
upesi, kabla mwizi hajaiwahi."

Mrina asali haanzi na kisu.
Huanza na moshi,
taratibu, pumzi kwa pumzi,
mpaka nyuki wanapumbaa juu ya sega
na kuuacha mkono upite.

Nilitaja. Tatu, tisa, sifuri,
kwa sauti ile ya kujibu mwalimu.
Milioni sita na laki tatu, jasho la watu kumi na tisa,
pamoja na mizinga arobaini ya mzee Mahona asiyeona vizuri.
Dakika nne.
Polisi walinipa karatasi yenye namba ya jalada,
wakasema, wewe wa tisa wiki hii.
Wa tisa!
Zamani mwizi wa mtaa tulimjua kwa alama ya kandambili yake.
Huyu hana unyayo. Labda anaishi na mama yake,
labda humchemshia chai.

Mkutanoni hakuna aliyefoka, na hilo ndilo lililoniuma.
Mzee Mahona aliuliza tu: "Hiyo nywila ndiyo nini?"
Kasonso, kijana wetu wa kompyuta, akaanza na virusi na usimbaji.
Nikamkatiza.
Ni alama ya shoka, mzee.
Akanyamaza, akasugua goti.
"Kumbe ulimpeleka mwenyewe mpaka kwenye mti."
Ndiyo, mzee. Na ngazi nikamshikia.

Hatukubandika sheria ukutani. Tuligawana ugumu.
Sasa naomba mimi, lakini hela haitoki
mpaka simu ya Nyamizi nayo ikubali,
na Nyamizi hapendi kukubali kitu chochote,
mumewe ni shahidi.
Nywila ya zamani ilikuwa asali, kisha moja mbili tatu.
Naona aibu hata kuiandika.
Mpya ni ndefu kama njia ya baba:
inarudi nyuma, inasimama, inajifanya inakojoa.
Nayo kikundi kizima hakiijui, hata Kasonso,
na Kasonso amenuna.

Jana simu imeita.
"Shikamoo, mama. Napiga kutoka benki, tawi la hapa mjini."
Sauti nyingine, tamu kuliko ya kwanza.
Nikasikia harufu.
Marahaba, mwanangu, nikasema, usiondoke hapo dirishani,
navaa viatu, nakuja kwa miguu, ni dakika kumi tu.
Kimya.
Halafu ile milio ya simu iliyokatwa.

Viatu nilivaa kweli.
Nikaenda benki, nikawapa ile namba, wakaiandika.
Njiani niligeuka nyuma mara mbili,
kama baba.