Pingili ya Njano

Probox ya Nasambu ililetwa Kanduyi kwa kamba,
ikivutwa na lori la miwa, Jumanne, mvua ikinukia karibu.
Nikachomoa kijiti cha oili: chai ya maziwa.
Nasambu akauliza, "Ni mbaya?"
Sikumjibu. Fundi Sitati hajibu kabla hajafungua,
nami nimerithi ukimya wake pamoja na spana namba kumi.

Tuliivua hedi. Gasketi ilikuwa imeungua
kati ya silinda ya pili na ya tatu,
upana wa ukucha tu.
Hapo ndipo maji yalipojuana na oili.

Hedi ikapelekwa Eldoret kuchongwa usawa, ikarudi siku ya tatu
ndani ya gunia, inang'aa kama sahani ya wageni.
Nikakwangua bloku kwa wembe, tena kwa kitambaa, tena kwa kidole.
Nikalaza gasketi mpya. Nikakaza boliti kumi
kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu,
jinsi mtu anavyonyoosha shuka kwenye kitanda cha mgonjwa.

Kisha cheni.

Kwetu pingili ni ya muwa kwanza.
Unauvunja gotini, unatafuna, unatema.
Pingili hizi za chuma hazina utamu,
ila tatu kati yake zimepakwa njano kiwandani
na kila moja ina alama yake ya kukalia:
mbili juu, kwenye gia za kamshafti,
moja chini, kwenye krenki.
Pistoni ya kwanza iwe juu kabisa, vali zake zimefumba.
Ukikosea jino moja, gari litakohoa.
Ukikosea mengi, vali na pistoni zitakutana,
na ugomvi huo hauna mwamuzi.

Njano kwa alama. Njano kwa alama. Njano kwa alama.
Nikaachia kikaza-cheni, nikasikia tak.
Nikatia spana kwenye boliti ya krenki, nikazungusha
kwa mkono, polepole, pumzi nusu,
mara mbili kamili kama nilivyofundishwa.

Nikatazama.
Njano hazikuwepo.
Moja imeshuka ubavuni, nyingine iko chini gizani,
ya tatu sikuiona kabisa.
Saa kumi na moja na nusu. Mvua inapiga mabati.
Nasambu chini ya mwavuli, na ndizi zake za Chwele
zinaiva bila kumngoja mtu.
Nikashika spana nianze kuvua upya.

"Unafanya nini, Nelima?"
"Nimekosea. Alama zimetoroka."
Fundi Sitati akainama na tochi ya simu,
miwani yake imefungwa waya sikioni.
"Angalia gia, si cheni.
Nukta za gia zinatazamana?"
Zinatazamana.
"Alama ya puli iko kwenye sifuri?"
Iko.
"Basi. Rangi ni ya kuwekea tu. Ukishazungusha, pingili zinatembea.
Zitarudi kwenye alama zao baada ya mizunguko mingi,
sijawahi kuhesabu."

Akanyamaza. Lori la Malaba likapita,
akaligeukia kama anavyoyageukia yote
tangu mwanawe Barasa apande mojawapo, utingo,
mwaka juzi, Agosti.
"Zinarudi," akasema tena,
lakini si kwangu.

Nikafunga kifuniko. Gundi, boliti, oili mpya, maji.
Ufunguo alishika Nasambu mwenyewe,
maana gari ni lake na hofu ni yake.
Ikakataa. Ikakataa. Kisha ikashika,
sauti moja nyembamba isiyo na kikohozi,
moshi mweupe kidogo, halafu hakuna.

Tulisimama watatu tukiisikiliza.
Hakuna aliyeshangilia.
Ndani, gizani, kwenye oili safi,
pingili tatu za njano zilikuwa safarini,
zikizikosa alama zao kwa jino, kwa mawili, kwa matano.
Fundi Sitati aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini
akakiacha hapo
mpaka chuma kikamkataa.