Dakika za Pancha

Kazi yangu ni kutoa.
Natoa dakika kwenye saa kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele:
nusu saa, geti la Kilindini, mikoba ikikaguliwa;
nusu saa, foleni ya Mtwapa, hata Jumapili;
nusu nyingine naiita ya pancha,
na hiyo siigusi, hata abiria alie.

Ofisi ni meza, simu mbili na daftari la miraba
nyuma ya duka la vitambaa, Malindi, njia ya Shela.
Magari matatu. Madereva wawili na nusu.
Nusu ni Mwaringa,
ambaye mwaka juzi alisoma tisa ya Wazungu kama tisa yetu,
akafika hotelini alasiri, shati limepigwa pasi,
meli imeng'oa nanga tangu asubuhi.
Tiketi mbili za ndege hadi Unguja, nililipa mimi.
Tokea hapo kila saa naiandika mara mbili,
yao kwa wino mwekundu, yetu kwa buluu.

Jana imeingia oda ambayo sikuitoza.
Abiria: mmoja. Mzigo: begi la mgongoni.
Jina: Mselem, dobi wa ghorofa ya chini kabisa,
wale wanaoshuka baada ya watalii
na kupanda kabla yao.
Ndugu yangu. Miaka minne
ananyoosha mashuka ya watu ninaowabeba mimi
na sisi wenyewe hatujaonana.

Kushuka saa tatu, kupanda saa tisa. Nyekundu, buluu.
Saa sita mkononi.
Kuja Malindi mbili u nusu, Mtwapa ikiwemo.
Kurudi mbili u nusu.
Geti, nusu.
Ikabaki nusu: ile ya pancha.
Nikafuta, nikaandika upya, nikaendesha kwa kalamu
mwendo ambao dereva wangu angeuthubutu
ningemfuta kazi.

Mama kitandani, nyonga imekazwa nati tangu Rajabu,
akauliza, "Hesabu gani hiyo na usiku huu?"
Nikamsomea.
Akanyamaza kama anayekadiria tui na idadi ya wageni.
"Huyo anakuja kuniona mimi, au kuiona saa yako?"
Kisha: "Mimi si mnazi. Nipakieni."

Miaka kumi na mmoja napanga safari za watu,
wala haikunipitia akilini
kwamba barabara moja ina ncha mbili za kuanzia.

Kilifi, basi. Ukishavuka daraja, upande wa mjini,
kituo cha mafuta chenye choo kisafi
na mkorosho mmoja wa kivuli.
Gari la kaskazini: Mama, mito mitatu, kiti kimelazwa,
mwendo wa jeneza, kasema mwenyewe, akacheka
mpaka nyonga ikamkataza.
Gari la kusini: Mwaringa. Nimempigia mara tatu.
Nikatoa, nikatoa, nikatoa na ya pancha,
na bado zikabaki saa mbili nzima,
zimekaa kwenye ukurasa kama wageni waliowahi.

Mahamri yamo kwenye kindoo. Mbaazi nitaziamsha alfajiri.
Nilikuwa nazima taa aliponiita tena:
"Hiyo nusu ya pancha, pancha isipotokea, ni ya nani?"
Nikatazama daftari. Safu ya jambo hilo haipo.
Nikatafuta penseli, si nyekundu, si buluu,
nikaandika pembeni: *yake*.

Halafu nikampigia Mwaringa mara ya nne,
kumuuliza kama tairi la spea lina upepo.