Tofali la Mboji

Waliniuliza Dublin, kabla sijapanda ndege:
una cha kutangaza?
Nikasema jibini, majani ya chai, skafu mbili za sufu,
na tofali moja la mboji
alilolikata baba Mei, akaligeuza Juni,
likakaushwa na upepo wa Erris usiojua kukaa kitako.

Afisa alikuwa Mmarekani. Husimama huku huku kwetu,
wakakupokea kabla hujaondoka.
Akaligeuzageuza kama mkate ulioungua.
Huu ni udongo, akasema. Udongo hauingii.
Nikamwambia si udongo, ni kuni,
ni moshi uliolala,
ni miaka elfu nne ya nyasi na mvua
zilizokataa kuoza.
Akanitazama kwa huruma ya kazini,
akalitia pipani, juu ya soseji za mtu.
Basi tofali la Ayalandi likabaki Ayalandi
ndani ya pipa la Marekani,
nami nikavuka mikono mitupu.

Shangazi Attracta aliondoka mwaka wa sitini na moja
na sanduku la kadibodi lililofungwa kwa kamba ya ng'ombe.
Majirani wa Cleveland walidhani anaitwa Trekta,
na kweli alilima:
sakafu za hospitali usiku, watoto watano mchana,
na kila mwezi dola ishirini katikati ya barua,
dola zilizoezeka paa letu,
zikamsomesha baba hata asilazimike kumfuata.
Mwacha asili ni mtumwa, husema
wale wasiowahi kununua tiketi ya kwenda tu.

Machi, jiji likivaa kijani hadi mbwa, hadi bia,
yeye huandamana nyuma ya bango la Mayo,
goti bovu, mgongo wima,
kisha hurudi akicheka:
"Kwetu Machi haikuwa na ngoma.
Ilikuwa na misa, na viazi vya kupanda."
Lakini mwakani ndiye wa kwanza kuupiga pasi ukanda wake.

Aliniuliza habari za nyumbani. Sikuzipamba.
Shule ya njiapanda ina watoto kumi na tisa.
Nyumba ya akina Ginty ni ya likizo sasa, taa huwaka Agosti.
Kinamasi kimefungwa nusu, wanakirudishia maji,
wataalamu wanasema kiachwe kinywe;
na baba, aliyekikata miaka hamsini,
hukubali Jumatatu, hukataa Jumanne.
Na Oluchi, binti wa muuguzi kutoka Enugu,
ndiye anayenisahihisha Kiayalandi changu dukani.
Fód, huniambia, vuta sauti, usiimeze:
ni tofali la mboji,
na ni mahali uliposimama pia.

Shangazi akalirudia neno taratibu,
kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ya zamani.
"Huyo mtoto ni wa nani?"
Ni wetu, nikasema.
Akaitikia kwa kichwa, akamimina chai nyingine.

Habari ya tofali nilimweleza mwisho, kwa aibu.
Hakujibu. Akanyanyuka, akanishika mkono wa sweta,
sweta iliyoanikwa majira yote ya baridi juu ya moto wa baba,
akazika uso humo.
Akavuta pumzi. Akavuta tena.
Nje lori la theluji likapita likikwaruza lami.
Kisha akasema, kwa sauti ya msichana mwenye hasira:
"Nani ameacha mlango wazi?
Kuku wataingia."

Sikumrekebisha. Nilikwenda
nikaufunga mlango.

Sweta ikabaki Ohio.
Nilirudi na koti lake la gwaride,
kijani kupita kiasi, vifungo vya dhahabu bandia,
harufu ya sabuni ya ugenini hadi kwenye mifuko.
Baba hulivaa kinamasini.
Mwanzoni kondoo walikimbia;
sasa wamelizoea,
na likilowa mvua
yeye hulianika juu ya moto.