Kamba ya Tusekile

Mezani pa chama cha ushirika, Masoko,
karani Mwaijande alilamba kidole, akafunua leja:
“Debe thelathini na moja, mama. Ndivyo ilivyoandikwa.”

Bibi hakujibu.
Alitoa kifuani kamba ya mgomba,
nyeusi kwa moshi wa jikoni,
akaanza kuipitisha vidoleni
kama mtu anayetafuta mwiba.

Fundo dogo, debe moja.
Fundo la kuzungushwa mara mbili, kumi.
Na pale kamba ilipoachwa tupu, urefu wa ukucha,
ni lile juma la mvua,
mto umebeba daraja,
kahawa inaota ukungu magunani.

Thelathini na nne.

Ofisi ikanyamaza, isipokuwa mizani
iliyoning'inia bila mzigo, ikilia kutu.

Alilipwa thelathini na moja.

Miaka baadaye, bwenini Tukuyu,
nilisoma katika kitabu kisicho na jalada
kwamba huko Iraki ya kale walioandika mwanzo
hawakuanza na utenzi, wala na sala.
Walianza na shayiri. Na kondoo.
Na jina la anayedaiwa,
wakilichapa kwa unyasi kwenye udongo mbichi.
Na mbali zaidi, milimani Peru,
hesabu ya dola nzima ilifungwa kwenye nyuzi.
Nikacheka peke yangu, taa imezimwa.

Hata hii sita ninayoitamka, na saba, na tisa,
zilivuka maji na wachuuzi,
zikaingia kati ya tano na kumi
kama wakwe;
nane wakaiacha palepale ilipokaa.

Leja ya Mwaijande ililiwa na mchwa.
Kamba ipo. Naitunza kwenye kopo la majani ya chai.

Juzi niliipitisha tena, polepole,
nikavuka kahawa, nikavuka mvua,
nikafika ncha nisiyowahi kuifika:
mafundo saba,
kila moja na uzi mwekundu wa kitenge ndani yake.

Mama hajui.
Shangazi Ambwene aliishika,
akafika la tatu, akatulia hapo,
akairudisha mikononi mwangu.
“Sisi tuliokua,” akasema, “tuko wanne.”

Nikatoa kichwani, upesi, kama shuleni.
Nikaona haya kwa ule upesi.

“Usiiweke koponi,” akasema akiinuka.
“Itundike juu ya mafiga.
Mchwa hapendi moshi.”