Milimita Tatu

Juma la kwanza chuoni, pale Mtwara, hatukugusa kompyuta.
Mwalimu Nampunju aligawa mikasi na karatasi za manila,
akasema: kateni herufi a.
Ndogo. Ile yenye tumbo.
Nilikata kumi na moja, zote zimekonda
kama zimeruhusiwa jana kutoka hospitali ya Ligula.
"Unakata wino," akaniambia. "Sikukutuma wino.
Kata weupe uliomo tumboni mwake,
herufi itajitokeza yenyewe."

Baadaye ndiyo tukaonana na skrini,
mwongo mwenye adabu.
Hukuonyesha kijani cha jani jipya la mkorosho;
ukichapa, linatoka jani la juzi.
Yeye anachanganya mwanga, mashine inachanganya tope:
samawati, majenta, manjano, nyeusi.
Na nyeusi, alisema mwalimu, ikiachwa peke yake
mahali papana, hutoka kijivu,
suruali ya shule iliyofuliwa miaka minne.
Itandikie samawati. Iongezee majenta, manjano kidogo.
Nikaandika daftarini: weusi uliokolea una wenzake chini.

Weusi wa vidole vya mama haumo katika hesabu hiyo.
Ni mafuta ya ganda la korosho, Nanyamba,
misimu ishirini na mitatu.
Siku ya kuandikisha vitambulisho alibonyeza kioo mara sita.
Rudia, ikasema mashine. Rudia.
Kijana akampa limau, akampa kitambaa,
kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, huna alama."
"Ninazo," mama akacheka.
"Zimekwenda na korosho za watu."

Mwezi wa tano kikundi chao kikataka lebo.
Wanawake tisa, pakiti za robo kilo,
noti zilizokunjwa mpaka zikawa vidonge.
Jina: Tulinge.
Mwenyekiti, Mama Likwata, alisimama nyuma ya kiti changu:
weka maua. Weka korosho yenye macho.
Na hapa mbona patupu? Karatasi tumelipia yote.
Nikasema, hapo jicho linapumzika.
Akauliza: kwani limefanya kazi gani?

Nililibana jina kushoto kabisa, kwa madaha,
nikachapa lebo mia mbili.
Nikasahau milimita tatu,
rangi inayovuka mpaka ili itupwe,
ili kisu kikiyumba kisikute weupe.
Kisu kiliyumba.
Fikira, aliyekuwa zamu ya kukata, aliinua ya kwanza,
akaitazama, akainua ya mia na themanini,
hakusema kitu. Akanivutia kiti.

T ilikuwa imebaki sakafuni.
Mia mbili. Ulinge. Ulinge. Ulinge.

Mama hakujua kusoma sana, ila hiyo aliisoma.
"Tulinge, ni sisi tujaribu," akasema,
kana kwamba mimi si Mmakonde.
"Ulinge, ni wewe ujaribu. Peke yako.
Mwanangu, umetutoa sote nane
kwenye pakiti yetu."
Tulikuwa wawili tu kwenye simu, na umeme umekatika,
nikamsikia akihesabu majina yao pole pole,
asimwache hata mmoja.

Nilichapa upya kwa hela ya chakula cha mchana.
Nikasogeza jina ndani, nikaacha ukingo wa kutupa,
nikakolea ile nyeusi mpaka mwalimu akaigusa kwa kidole
kuona kama bado mbichi.
Maua sikuweka. Korosho yenye macho niliiweka, ndogo,
kwa sababu hela ni zao.

Zile mbovu nilitaka kuzichoma.
Mama Likwata alizichukua zote, akazifunga kwa mpira,
akazigeuza.
Nyuma ni nyeupe. Huko ndiko anakoandika
nani anadaiwa, nani kalipa,
na karibu na kila jina, mwenye jina akiwapo,
hubonyeza dole gumba lililozama kwenye wino:
doa la mviringo, jeusi, lisilo na mstari hata mmoja,
na wao wanajua ni la nani.