Nafasi Kati ya Maneno Mawili

Saa nne usiku, Uyole. Baridi ya Juni
imepita chini ya mlango bila hodi
na kunikalia vidoleni.
Kompyuta inaniambia kwa mara ya kumi na moja:
Maktaba haipatikani.

Haipatikani! Na mimi naiona.
Ipo pale ndani ya folda, faili arobaini na tatu,
nimezihesabu kama mtu anayehesabu vifaranga
mwewe akishapita.
Niliipakua kwa bando la jero,
nikaiweka nilipoambiwa niiweke,
nikafuata maelekezo neno kwa neno
mpaka yaliposema: kisha sanidi mazingira yako
kama kawaida.

Kawaida ya nani?
Mazingira yangu ni haya: ndoo ya maji,
jiko la mkaa linalokata roho,
Gwantwa amelala na soksi mbili mbili,
na waya wa chaja usioshika mpaka uukunje.

Dirisha la mipangilio lina vichupo saba.
Cha tatu kinauliza njia.
Cha sita nacho kinauliza njia,
hakisemi kama ni ileile.
Chini kuna kitufe cha Tumia na kitufe cha Sawa.
Nikabonyeza Sawa. Kumbe si sawa,
ulipaswa kutumia kwanza ndipo ukubali,
na dirisha likajifunga, likasahau yote
kama karani aliyekwenda kunywa chai
na faili lako kwapani.

Nikampigia Ambakisye, yuko Iringa,
mambo haya ameyasomea.
"Mbona kwangu inakubali," akasema,
akanitakia usiku mwema.

Baba alikuwa mtunza ghala wa ushirika, Tukuyu.
La saba hakumaliza.
Chaki yake ilisema juu ya mbao:
MBOLEA, MLANGO WA PILI.
UKIGOMA UNYANYUE KIDOGO, MASIKA MBAO HUVIMBA.
PAMPU KAAZIMA MWAISUMO, ANARUDISHA IJUMAA.
Mgeni angeweza kuingia mle na kibatari
akatoka na alichokifuata.
Neno "haipatikani" baba hakuliandika hata siku moja.
Kitu kisipoonekana, alisema,
aulizwe aliyekiweka,
si huyu aliyetembea na mvua kuja kukitafuta.

Saa saba kasoro. Nimeiona.
Folda yangu inaitwa Mizani Viazi.
Maneno mawili, na kati yao nafasi,
upana wa punje ya ulezi.
Mashine ilikuwa ikiifuata njia, ikafika Mizani,
ikakuta pengo, ikadhani dunia imeishia hapo.
Ng'ambo ya pengo viazi vilikuwa vikingoja.
Haikusema: nimekwama penye pengo.
Iligeuza, ikarudi, ikatangaza kwamba huko
hakuna kitu.

Saa tatu nzima, kwa ajili ya kitu
ambacho hata wino hakina.

Nikaifuta nafasi. MizaniViazi.
Ikakubali, kimya kimya, bila kuomba radhi.
Sikushangilia. Machozi yalinitoka kidogo,
nadhani ni moshi.

Kesho tunapanda Umalila. Wakulima watapima magunia
na namba itatokea kwenye simu,
ili atakayekuja kudai lumbesa
abishane na namba, si na mama mwenye mtoto mgongoni.
Mikono yao itakuwa na udongo. Mtandao utakuja na kupotea.

Kabla ya kulala nimefungua programu yangu mwenyewe
na kutafuta pale nilipoandika, mwezi wa pili,
kwa kiburi cha anayejua: Kosa 07.
Nimeliondoa. Nimeandika:

Mizani haisomeki.
Angalia waya mweusi, upande wa kushoto.
Uchomoe, hesabu hadi tano, uchomeke tena.
Si kosa lako.

Ule mstari wa mwisho nikaufuta,
niliuona wa kitoto.
Nikazima taa.
Nikawasha taa, nikaurudisha.