Gari Bila Ardhi

"Ndoo utizame," aniambia, "hini gari yanifanyia inda."
Mzee Msellem Badi, karani wa zamani wa gati namba saba,
kikoi kiunoni, shati la kazi ambayo hana tena,
na Datsun yake kuukuu uchochoroni Majengo
imekaa kama bibi harusi aliyegoma.

Rangi ya achari ya embe, inang'aa hadi nayaona meno yangu.
Injini si ya kwao. Ilitolewa Toyota iliyogongwa Miritini
ikapachikwa humu kwa vyuma vya kuchomelea
na mjukuu wake, Adnani, ambaye sasa yuko Doha.
Aliacha waya za rangi tatu
na daftari lililonyofoka kurasa za mwisho.

Natia ufunguo.
Tik.
Natia tena.
Tik, kama ulimi wa mtu aliyekataa bei.

Taa zawaka, zamtimua paka barazani.
Honi yalia mpaka Bi Nuru wa mahamri achungulia.
"Betri mpya," asema mzee. "Starta mpya. Swichi. Rilei mbili.
Kila fundi aliniuzia alichokuwa nacho."

Mimi sikuja na cha kuuza. Nina mita,
kioo chake kimepasuka pembeni.
Betri: kumi na mbili nukta sita, imeshiba.
Starta, kwenye waya mwekundu: kumi na mbili.
Umeme wafika, wabisha hodi.
Mbona ndani hainuki mtu?

Nikainama nisikie vizuri, na mkono
ukagusa kebo ya mafuta,
ile nyembamba inayovutwa na mguu wa dereva,
haijawahi kuwa na shughuli na umeme tangu izaliwe.
Ikanichoma.
Nikalamba kidole.
"Washa tena, mzee. Usiachie."
Uzi wa moshi, harufu ya plastiki.

Watu hudhani umeme huenda tu.
Umeme shurti urudi,
na ukinyimwa mlango hutafuta dirisha.
Huu ulikuwa ukirudi kwa kebo ya mafuta,
harusi nzima ikitokea kidirisha cha jikoni.

Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
nyingine kwenye kifua cha injini. Washa.
Tisa.
Panapotakiwa sifuri, pamekaa tisa.

"Mzee, injini yako haina ardhi."

Akacheka, kicheko kikakatika katikati.
Akageuka kutazama nyumba yake, vyumba sita,
aliijenga babake kwa udongo na boriti,
naye kila mwezi hulipia kiwanja
kwa wakala wa mtu asiyemjua sura.
"Nyumba haina. Na gari nayo?
Mimi basi nimesimama juu ya nini?"

Sina mita ya hilo.

Nikaingia uvunguni na tochi mdomoni.
Waya wa ardhi upo, Adnani hakuusahau.
Aliufunga kwa boliti safi, akaukaza kwa nguvu za ujana,
juu ya rangi.
Tabaka tatu: moja ya urembo,
moja ya kuzuia chumvi ya bahari,
ya tatu mapenzi tu.
Rangi haipitishi kitu.

Nikakwangua kwa kisu, kisha msasa, kisha kucha,
duara la ukubwa wa shilingi kumi
mpaka chuma kikatoka cheupe.
Mzee aligeuza uso,
kama aliyeshindwa kutazama mjukuu akitiwa jando.
"Itaota kutu hapo."
"Tutapaka grisi."

Boliti. Spana. Ufunguo.
Injini ya Toyota ikakohoa mara moja, ikashika,
Bi Nuru akapiga kigelegele na mwiko mkononi.

Mzee hakuiendesha popote.
Alikaa tu, mguu juu ya pedali, akiisikiliza,
kisha akashuka, akachutama,
akapitisha kidole gumba pale palipokwanguliwa.

"Ngapi?"
"Mia tano. Na ubadilishe kebo."
Akahesabu noti polepole, akaniongeza mia.
Elfu moja iliyobaki akaikunja mara nne,
akaifundika kwenye pindo la kikoi:
ya kiwanja, tarehe tano.